Mnyororo Uliofika Septemba

Dunga,
Kisumu.
Jumamosi, 14 Septemba 1974

Mpendwa shemeji Gordon,

Kabla ya salamu nieleze hilo doa jeusi unaloliona hapo juu, karibu na tarehe. Ni mkono wa Aoko. Sasa hivi tu nimegeuka kutafuta kalamu, naye akaingiza vidole vyote vitano ndani ya mkebe wa mafuta ya baba yake, akaja akaupiga mkono juu ya karatasi yangu, kisha akanitazama kama karani aliyemaliza kugonga mhuri. Nilitaka kuanza karatasi nyingine, lakini zimebaki chache. Tena nimeona si vibaya. Hujawahi kumwona mtoto huyu, basi uanze na mkono wake.

Sasa salamu. U hali gani huko Mombasa? Magdalene na watoto hawajambo? Mama yenu anauliza kama kile kikohozi chako kimeisha, na kama bado unalala madirisha wazi kwa ajili ya joto. Anasema ukilala hivyo usimlaumu mtu. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linasahau. Ndugu yako Absalom mzima, amenenepa kidogo shingoni. Mimi pia sijambo.

Utanisamehe Kiswahili changu. Kijaluo nakisema sasa hata Mama hanicheki sana, lakini kukiandika bado, na Kibukusu cha kwetu wewe hukijui. Basi tukutane hapa katikati.

Shemeji, nimekawia kukuandikia tangu Aprili, na si kwa kusahau. Ulipotuma ule mnyororo wa tatu uliandika kwamba ndio wa mwisho. Ulisema pikipiki inayokula minyororo hivyo haiendeshwi, inauawa, na kwamba Desemba ukija utaichukua umuuzie yule mwalimu wa Ahero anayeitaka, kabla haijawa chuma chakavu. Ni pikipiki yako. Uliinunua kwa jasho lako, ukamwachia ndugu yako ulipokwenda pwani. Ulikuwa na haki ya kuandika hivyo.

Absalom aliisoma barua ile mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati, akatoka kwenda kutazama maji. Aliporudi nikamwambia amjibu kaka yake. Akasema, "Nimjibu nini? Nikiandika mimi ataona najitetea. Mwandikie wewe." Nikamwambia mimi nami sitaandika maneno matupu. Nitaandika siku mnyororo huu utakapopita miezi mitano, kwa maana hakuna uliowahi kufika hapo mikononi mwetu. Umepita siku ya Jumanne. Ndiyo maana unaipata barua hii sasa.

Nikuambie wazi tunachoogopa. Pikipiki ikiondoka, Absalom hatapata njia nyingine ya kufikisha samaki Kiboswa kabla jua halijawaharibu, na pale soko la Kibuye wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Atarudi kule shamba la miwa alikokuwa kabla hatujaoana, tumwone mwisho wa mwezi, siku moja na nusu, mtu amechoka hata kusema. Sasa hivi anarudi kila siku saa saba. Aoko anaujua mlio wa pikipiki yake. Zikipita nyingine hainui kichwa. Ikija ya baba yake, ikiwa bado kule kwenye kona, anaacha chakula anakwenda kusimama penye ua na kijiko chake mkononi.

Basi nikueleze ile minyororo ilikufa kwa nini, bila kuficha, na nitaanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu Absalom hakukuandikia habari yake hata siku moja.

Ule wa kwanza ulipoanza kulia kama mlango, mwaka jana, niliona huruma. Absalom alikuwa amelala. Nikachukua mafuta niliyokaangia samaki wa ngege, nikaumiminia mnyororo wote, nikaona nimesaidia. Asubuhi tulikuta paka watatu wameizunguka pikipiki wanalamba, na mmoja hakutaka kuondoka hata Absalom alipoiwasha. Hicho kilikuwa kitu cha kuchekwa. Lililokuwa baya ni kwamba yale mafuta yalishika mchanga wa hapa ufukweni kama unga unavyoshika samaki, na mchanga ule ukawa unausaga mnyororo kwa ndani kila siku. Alipofika sokoni, Absalom alinukia kama jiko. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Aoko, wewe kaanga samaki, mimi nitakaanga mnyororo."

Ule wa pili ulikatika akipanda mlima wa Riat na vikapu viwili. Hilo nalo hatukukuandikia. Samaki walimwagika barabarani, na wanawake waliokuwa wakiteremka na kuni wakawaokota wote wakamrudishia, wakamsukumia pikipiki hadi juu. Hakupotea hata samaki mmoja. Mnyororo ndio uliopotea.

Halafu ukaja huu wa tatu. Absalom aliufunga hapa nyumbani siku ileile, akaukaza vizuri kwa nguvu zake zote, maana aliamini uliolegea ndio unaokatika. Kesho yake nikapanda nyuma, Aoko mgongoni, na gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani, katikati yetu, tukaenda Kibuye. Tukasimama kwa fundi Kangethe kuongeza upepo. Huyu Kangethe ni mtu wa Nyeri, anatengeneza pikipiki na baiskeli nje kidogo ya soko, amekaa Kisumu miaka mingi mpaka anakula omena na vichwa vyake.

Nikataka kushuka. Akasema, "Mama, usishuke. Kaa hivyohivyo." Akachuchumaa, akaubonyeza mnyororo kwa kidole. Haukusogea. Ulikuwa kama waya wa ua. Akaniambia, "Sasa shuka, na mtoto, na gunia." Nikashuka. Absalom naye akashuka. Kangethe akaubonyeza tena, ukacheza kidogo. Akasema, "Panda tena." Watu wameanza kusimama kutazama, mimi napanda na kushuka kama mtu asiyejua anakwenda wapi.

Akamgeukia Absalom akamwuliza, "Bwana, unapokaza mnyororo huu, pikipiki inakuwa imebeba nini?"

"Haijabebeshwa kitu. Imesimama tu."

"Na unapoiendesha inakuwa imebeba nini?"

"Samaki. Na mimi mwenyewe."

"Na siku nyingine mama, na mtoto, na gunia. Sasa unaona? Ukipanda, nyuma inashuka, na mnyororo unavutika. Wewe umekwisha kuumalizia nafasi yake yote nyumbani. Unafunga mnyororo, bwana, au unafunga ng'ombe?"

Shemeji, mume wangu alichuchumaa naye, akaubonyeza mwenyewe. Miezi yote hiyo alikuwa akiamka mapema kuukaza, kila ulipolegea anaukaza tena, akidhani anautunza. Alikuwa anaunyonga.

Kangethe hakuishia hapo. Alifungua kifuniko cha mbele, ambacho sisi hatukuwahi kukifungua, akatuonyesha lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo. Yeye analiita sproketi. Meno yalikuwa yamelala upande mmoja, membamba, yamepinda kama ndoana. La nyuma nalo lilikuwa njiani kufuata. Akasema minyororo yako mitatu yote, shemeji, iliyotoka Mombasa ikiwa mipya inang'aa, tuliivalisha meno ya kizee, na meno yakiwa hivyo huuvuta mnyororo mpya mpaka nao unazeeka. Hivi vitu vitatu hubadilishwa pamoja, akasema, "vinazeeka pamoja, kama mimi na mke wangu."

Alikuwa nazo sproketi mbili alizotoa kwenye pikipiki kama yetu iliyogongwa, meno mazima. Akatufungia. Tulimlipa kwa samaki kila Jumatano mpaka mwenyewe akasema imetosha, nyumba yake imechoka na miiba.

Nilimwuliza mnyororo hudumu muda gani hasa, maana nilijua wewe utauliza. Alisema hana jibu moja. Anaye mteja mwinjilisti anayepita lami tupu, peke yake na Biblia, na kila wiki anaupangusa. Huyo amepita maili elfu kumi na bado anakwenda. Mtu wa mchanga na mzigo kama sisi, akiutunza, atapata mwaka mmoja, labda na nusu. "Asipoutunza ni miezi minne," akasema, "na arudi kwangu, mimi sitamfukuza."

Basi hivi ndivyo tunavyofanya sasa. Kila Jumamosi jioni Absalom anaupangusa mnyororo kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka uonekane chuma, anautia mafuta tone kwa tone ukiwa bado na joto la safari, kisha anapangusa tena yale ya juu yasishike mchanga. Halafu ananiita nikae. Napanda na Aoko. Lakini mimi peke yangu sifikii uzito wa vikapu, kwa hiyo ilibidi amwombe Mama naye apande nyuma yangu.

Mama alikataa wiki mbili. Alisema watu watamwonaje, mwanamke wa umri wake amekaa juu ya pikipiki isiyokwenda popote. Absalom akamwambia, "Mama, wewe ni vikapu viwili vya ngege kamili, hakuna mwingine hapa mwenye kipimo hicho." Sijui kama ilimfurahisha au ilimwudhi, lakini Jumamosi ya tatu alipanda. Siku hizi anapanda na ungo wake wa njugu, anabambua huko juu wakati Absalom akipima. Lazima mnyororo ubaki na nafasi ya kucheza, upana wa kidole kimoja, tukiwa wote tumekaa. Kisha anatusukuma hatua moja mbele, anapima tena, kwa sababu Kangethe alisema mnyororo haulingani pande zote. Hiyo hatua moja Aoko anaipenda kuliko safari ya Kibuye.

Juzijuzi alipita yule muuza samaki, Waliaula, akatukuta tumepangana pale juu, pikipiki kimya. Akauliza, "Mama Beldina, safari ya wapi hiyo?" Mama hakuinua macho kwenye ungo. Akamjibu, "Tunakwenda Mombasa kwa Gordon. Tukifika tutakuandikia."

Sasa nikupe ushahidi, maana najua maneno matamu hayatoshi. Kwenye chuma cha nyuma kuna alama ndogo ndogo za kuonyesha gurudumu limevutwa kiasi gani. Wewe unazijua. Minyororo ile miwili ya kwanza, ikifika mwezi wa nne, tulikuwa tumeshafika alama ya mwisho. Huu, leo hii, miezi mitano na siku kadhaa, uko alama ya pili. Na ukiuvuta kwa nyuma utoke kwenye sproketi, hautoki, hauonyeshi hata nusu ya jino. Nimeuvuta mwenyewe kabla ya kuandika. Kucha zangu ndizo shahidi.

Ninachokuomba ni kimoja. Usimpe mwalimu neno la mwisho kabla hujaja kuiona. Ipande wewe mwenyewe, umchukue Mama nyuma, mpande Riat mpaka Kiboswa na kurudi. Ukishuka ukasema bado inauawa, iuze, nami nitakupikia chakula kizuri siku hiyohiyo bila kununa, na Absalom pia. Lakini nina imani utaona ni mali yako ileile uliyoiacha, na imepata watu waliojifunza.

Habari nyingine ni chache. Mvua ndogo zimeanza kubisha hodi. Omena wamekuwa wengi mwezi huu, ufukwe wote ni rangi ya fedha wakianikwa. Kuku wa Mama aliyekuwa haatamii ameatamia mwishowe, ndani ya ile kofia yako kuukuu ya kuendeshea. Tumeona tumwache.

Msalimie sana Magdalene, mwambie ile kanga aliyonitumia ndiyo ninayombebea Aoko. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina. Msalimie Opiyo, mtoto wa shangazi, ukimwona huko bandarini, umwambie Mama anangoja hata mstari mmoja kutoka kwake. Mama Beldina anakusalimu na anasema funga dirisha. Absalom anakusalimu, na amekuja mara mbili kuchungulia nimefika wapi. Mungu akusimamie kazini, akuondolee kifua hicho, akulete Desemba ukiwa na nguvu za kucheka na sisi.

Ni mimi shemeji yako akupendaye na kukuheshimu,

Lornah Nasipwondi
(Mama Aoko)

Nafasi imebaki kidogo hapa chini. Absalom ananiita, "Mama Aoko, njoo ukae, jua linakwenda." Mama ameshapanda na ungo wake, na Aoko anavuta sketi yangu kwa ule mkono mweusi. Shemeji, Desemba siku ya kupima nawe utapanda, tumeshapanga, mimi mbele na mtoto, Mama katikati, na mahali pako wewe mwenye pikipiki ni nyuma kabisa, penye vikapu.