Walivyoichagua Chupa ya Kijani

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko, na yale magoti? Umepunguza kusimama, au bado unasuka watu mpaka jua linazama? Mimi ni mzima, chakula napata, ila usingizi unanipiga chenga.

Ofisini kaingia meneja mpya. Siku ya tatu tu akatuita sisi watatu wa matangazo, akauliza: "Hivi kuna mtu amewahi kununua mafuta ya nywele kwa sababu ya maneno yenu?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Anasema watu wananunua walichozoea, basi, na matangazo ni kelele za kujaza redio. Ametupa mpaka katikati ya Juni tumletee ushahidi, la sivyo chumba chetu kinageuzwa stoo. Yaani nimwage unga baada ya miaka sita, Mama, kwa swali ambalo hata mimi sina jibu lake! Tangu siku hiyo nikiingia dukani natazama mikono ya watu, mpaka mlinzi kaanza kunitilia shaka.

Nikakukumbuka wewe, unayeshika vichwa vya wanawake kila siku. Naomba uweke chupa mbili mezani: yetu ile ya kijani, na nyingine isiyo na lebo, yenye mafuta yoyote mazuri. Kila mteja achague mwenyewe ya kupakwa, kisha umuulize kwa nini. Usiwaambie kama ni mimi ninayetaka kujua.

Bintiyo,
Kidomo


21 Machi

Kidomo wangu,

Marahaba mwanangu. Magoti yapo, siku hizi ndiyo yananiamsha. Niliposoma barua yako nikasema, mtoto huyu kasoma kote huko ili aje kuniuliza mimi! Haya, kazi nimeifanya.

Wateja ishirini na sita. Ishirini na watatu walinyoosha kidole kwenye kijani bila hata kufikiri. Sasa waulize kwa nini! Hakuna hata mmoja aliyetaja tangazo. Mke wa fundi baiskeli alisema kichwa chake kinaijua. Mama wa duka la vitambaa alisema ni ile harufu, na chupa yenyewe nilikuwa sijaifungua. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenivunja mbavu. "Mimi matangazo huwa siyasikilizi kabisa," akasema, amekunja uso, na dakika mbili hazikupita yuko chini ya draya anaimba ule wimbo wenu wa redio, mpaka kiitikio.

Nesi alikataa kuchagua. Ana ubishi yule, usiombe! Akataka nimpake kijani upande wa kulia, isiyo na lebo upande wa kushoto, arudi baada ya wiki. Karudi. Anaapa kulia ni laini kuliko kushoto, akanishikisha na mkono. Nikashika, nikarudi kwenye kusuka.

Ushahidi wako huo hapo. Mpelekee meneja wako, na mimi usiniulize zaidi.

Mama yako


30 Machi

Mama,

Shikamoo, na asante, asante tena! Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikapiga kigelegele mpaka jirani akafungua mlango kuona kuna nini. Huyo nesi peke yake anatosha kumfunga meneja mdomo.

Limebaki jambo moja. Lazima ataniuliza chupa ile nyingine ilikuwa na mafuta gani. Kama yalikuwa mabaya, basi nesi hakusikia maneno yangu, alisikia ubaya wa mafuta. Nitumie kidogo kwenye kichupa, na matone machache ya ile ya kijani uliyotumia, watu wa maabara wayapime pamoja. Fanya haraka, Mama. Roho iko juu.

Kidomo


12 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili hauna neno. Barua zako tatu nilizipata, ziko kwenye droo ya vitana, na hii ya mwisho uliyouliza kama nimelazwa imeniuma sana. Sijalazwa. Nilikuwa naogopa.

Chupa zote mbili zilikuwa na mafuta yangu.

Miaka mitatu iliyopita mafuta yenu yalianza kuwa mepesi kama maji. Nywele za watu zikawa zinakatika mikononi mwangu. Nikachemsha ya kwangu ya nyonyo, yale niliyokuwa nakupaka wewe ukiwa mdogo, nikayaweka kwenye kopo safi. Hakuna aliyeyataka. "Hayo si ya kukaangia?" Basi siku moja nikayamimina kwenye chupa ya kijani iliyokwisha. Lo! Wote wakaanza kunisifu, eti siku hizi mafuta yamekuwa mazuri. Nilicheka siku nzima. Siku ya pili sikucheka, ila niliendelea kumimina.

Uliponiambia niweke chupa ya pili, nikajaza yale yale. Nilitaka kuona na mimi. Nesi aliponishikisha kichwa chake, nilitamani ardhi inimeze.

Najua nimekuharibia. Nimekosa, mwanangu. Fanya unavyoona.

Mama


18 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilitaka kuichana barua yako, halafu nikaikunja, halafu nikaifungua tena. Nimekasirika, sikufichi. Miaka mitatu nawasimulia wenzangu kwamba kwa mama yangu wanawake hawataki mafuta mengine ila yetu, kumbe wanafuata sufuria yako!

Lakini jana nilikuwa nafua, nikasimama ghafla povu likinichuruzika. Mama, kichwa kile kile, mafuta yale yale, na nesi kasikia tofauti! Hata mkono wake umemdanganya. Hakuna kampuni iliyowahi kupata ushahidi safi kama huu, na umetoka kwenye saluni yenye viti viwili. Ni wa kuniokoa kabisa. Na sina njia ya kuusema bila kusema kwamba kuna mtu anajaza chupa za kampuni, na hilo ni kosa. Mwaka juzi walimfungia mtu duka kwa jambo hilo hilo.

Nina swali, na wala sikuagizi, ni udadisi tu unanila. Hivi wakijua, itakuwaje? Nywele zao zitabaki laini?

Kidomo


2 Juni

Kidomo,

Marahaba. Leo naandika nimekaa, nimejipa ruhusa.

Swali lako lilinikaa kichwani wiki nzima nasuka. Jumamosi, saluni imejaa, nikazima draya, nikawaambia wote. Nilisikia maji yanadondoka kwenye sinki. Kisha mwalimu wa hesabu akaangua kicheko mpaka taulo likamdondoka. Nesi akasimama nusu kasukwa, nusu bado, akaniita tapeli, akatoka vile vile barabarani. Mke wa fundi baiskeli yeye alilipa, akaondoka kwa adabu. Siku nne baadaye kaja kulalamika kwamba nywele zake zimeanza kukatika. Mafuta ni yale yale aliyopakwa wiki iliyopita! Nilimwangalia machoni, mwanangu, hasemi uongo. Kweli anaona zinakatika.

Tisa hawajarudi. Waliobaki wananusa kila nikishikacho. Mama wa duka la vitambaa anasema sasa yana harufu ya jikoni, ila amesema niendelee tu kumpaka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: maneno yako yanafanya kazi, na hata kuyaondoa kunafanya kazi. Mimi nilidhani unapiga domo tu huko. Nisamehe kwa hilo pia.

Mimi ukweli wangu nimeshausema. Kama kutaja jina langu kutakuokoa, litaje. Kuchana nywele naweza hata nikiwa nimekaa kwenye kibaraza.

Mama yako


17 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye benchi ya kituo cha mabasi, boksi la vitu vyangu liko miguuni, kwa hiyo umeshajua.

Niliwaeleza meneja na wenzangu kila kitu: chupa mbili, mafuta ya aina moja, nusu kichwa cha nesi, wale tisa waliokimbia. Meneja aliweka kalamu chini, akasogeza kiti. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtu yule ana hamu ya kujua kitu. Akasema, "Kama hili ni kweli, chumba chenu hakifungwi." Mwenzangu akanifinya mkono chini ya meza kwa furaha. Kisha meneja akauliza saluni hiyo iko wapi.

Ruhusa yako nilikuwa nayo, Mama, na jina lako lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikamwambia siwezi kusema. Akauliza tena, mara ya tatu akasimama. Akasema habari isiyo na mwenyewe ni hadithi tu, akafunga faili. Wenzangu wawili wamepelekwa mauzo. Mimi sikupewa pa kwenda. Nimelia chooni, nimenawa uso, nimemaliza. Usijilaumu, tafadhali. Saluni yako sikuiuza, na sijuti hata kidogo.

Ila sikia kilichonipata sasa hivi. Hapa kituoni kuna kiduka. Nywele zangu zimekauka kwa mawazo ya wiki hizi, nikaingia kutafuta mafuta ya kujipaka safarini. Rafu nzima, aina kumi na kitu. Mimi niliyeyaandika yale maneno kwa mkono wangu, ninayejua kilichomo ndani, niliyefukuzwa saa mbili tu zilizopita! Muuzaji akaniuliza, "Yapi, dada?" Na kidole changu, Mama, kikaenda chenyewe kwenye kijani. Nimebaki nimekitazama kama si changu. Na bado nikayalipia, yamo humu kwenye boksi.

Barua hii nampa kondakta wa basi linalotangulia; mimi nafika Jumamosi asubuhi. Nitakaa kwenye kiti chako, na wewe nipake unayojua. Usinipe nafasi ya kuchagua.

Mwanao,
Kidomo