Pasi Iliyosema Imezima

Mume wangu mdogo huko Muyinga,

Sisi hapa Gitega hatujambo. Mbuzi amezaa, na babu yako anakusalimu ingawa wivu haujamwisha. Umeniuliza: rilei yako, ile swichi inayowasha na kuzima jiko kwa kitufe, ikilia "tak", si jiko la umeme limeshazima, uliguse tu?

Babu yako alipokuwa fundi cherehani mtaa wa Musinzira, alitoa rilei kwenye gari bovu akaifunga kwenye pasi, awe anaizima kwa kitufe bila kuacha cherehani. Siku baba yangu alipotoka Giheta kuja kumpa jibu la posa, aliomba amnyooshee suruali kwanza. Baba akajifunga kitenge changu nilichokuwa nimepeleka kushonwa, akakaa. Babu yako akabonyeza, rilei ikalia.

"Mzee, umesikia? Imezima."

Akaiacha pasi juu ya suruali, wakaanza maongezi ya ng'ombe wa mahari.

Haikuwa imezima. Rilei ya gari haiwezi umeme wa nyumba. Vyuma vyake vya ndani viliyeyuka vikashikana, ikabaki na mlio tu. Moshi ulipotoka, babu yako hakushika pasi wala suruali. Alirukia ukutani akachomoa plagi.

Baba akachungulia tundu la suruali. "Basi mchukue. Angalau unajua pa kukimbilia."

Akarudi Giheta na kitenge changu, na hakukirudisha.

Kwa hiyo nunua rilei iliyoandikwa kwamba inabeba mzigo wa jiko lako, ikate waya wa moto, ule unaoleta umeme, na kabla ya kugusa, chomoa. Babu yako huchomoa pasi hata umeme ukiwa umekatika Gitega nzima.

Ni mimi, mkeo mzee