Mashine Yako Imewaka, Baba

Baba,

Mashine yako imewaka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu. Ulisema ni za watu wasio na habari.

Kompyuta uliiacha nzima, hilo najua. Wakati wa matanga kamati ilitaka picha yako ya programu ya mazishi. Picha zilikuwa humo, na mimi niliyejua nywila nilikuwa mochari, simu imeisha chaji. Wakaibeba hadi saiba, duka la intaneti mjini. Kijana wa huko alikuwa na flashi ya zamani ya kuwashia kompyuta bila nywila, ambayo mashine yako haikuitambua, basi akabadilisha mpangilio wa kuwasha ili ikubali. Akatoa picha, ile ya tai nyekundu uliyoichukia, pole, na hakurudisha mpangilio. Tulipoiwasha baada ya kukuzika, kioo kilikuwa cheusi, na maandishi mafupi kwamba hakuna mfumo wa kuwasha. Shangazi Wambui akasema, "Imemfuata mwenyewe," na wote wakaafiki.

Mama hakuafiki. Unajua macho yake yalivyo, ukungu mtupu. Kila ulipokwenda kuchuma chai ulimwachia sehemu mpya ya hadithi yako, ya yule punda aliyemshtaki tajiri wake katika mahakama ya Nyeri. Zote ulizirekodi upande wa Linux, ule mfumo wako wa pili kando ya Windows, ukakataa kuziweka kwenye simu, eti simu ni kitu cha kupotea. Ubishi wako, Baba! Sasa sauti yako yote ilikuwa imefungiwa humo, na kila nikimpa Mama chai aliniuliza neno moja tu: "Imepona?"

Nilimpelekea fundi mmoja Majengo. Mtu mzuri, hata kiti alinipa. "Hii ni ya kuformat, madam. Naweka Windows mpya, unaenda nayo leo." Nilikaribia kukubali, maana nilikuwa nimechoka sana. Kisha nikamwuliza kama vilivyomo vitabaki. Akatikisa kichwa. Nikaibeba tena mpaka nyumbani Giakanja.

Nikaiweka mezani, nikaiwasha huku nimebonyeza kitufe cha F2 kinachofungua mipangilio, nikasoma kila mstari. Palipoandikwa "Boot Mode", yaani namna ya kuwaka, kulikuwa na neno "Legacy". Hapo nikakukumbuka siku tulipoiweka Linux kando ya Windows, miwani imeshuka puani, unanifundisha kama mtoto wa nasari: "Hizi mbili lazima ziingie na mlango moja. Tumeziweka na UEFI, basi ziwake na UEFI. Hiyo Legacy ni mlango ya zamani. Ukipiga hodi huko hakuna mtu atakujibu."

Kumbe hakuna kilichofutika. Nikarudisha UEFI, nikahifadhi, nikaizima na kuiwasha. Windows ikafunguka moja kwa moja. Ile menyu yako ya kuchagua haikuonekana, wala Linux. Nililia, Baba. Nilidhani upande wako ndio umekwenda.

Mama akanisikia kutoka kwenye kiti chake. "Utalia baadaye. Angalia tena."

Nikaangalia tena. Huko huko kwenye mipangilio ya F2, katika orodha ya nani aanze kuwaka, Windows ilikuwa juu, Linux chini yake, ipo tu, imesukumwa nyuma. Nikaipandisha. Menyu ikatokea na majina yote mawili.

Nikafungua rekodi ya kwanza, na sauti ya kwanza ilikuwa kikohozi chako. Halafu ng'ombe. Mama akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani. "Si nilimwambia asirekodi karibu na boma!" Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike. Rekodi zote sasa ziko pia kwenye simu yangu. Nuna tu ukitaka.

Lakini Baba, ulimwacha punda mahakamani! Hakimu amepangusa miwani, amekohoa, anataka kutoa hukumu, na hapo ndipo palipoishia.

"Hukumu ni gani?" Mama akauliza.

Nikasema sijui.

"Basi itafute. Si wewe ni mtoto wake?"

Nikakaa kwenye kiti chako na kurekodi. Sina maneno yako, lakini nilimpa punda ushindi: mahindi kila jioni, na Jumapili asibebe hata debe la maji. Nikamwekea Mama asikilize. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hapana. Huyo judge amekula hongo. Mwenye punda lazima aende appeal."

Nilibisha kidogo. Unamjua. Akaniuliza rufaa itasikizwa lini, nami nikajikuta nimemjibu kesho, baada ya chai ya saa nne.

Basi kwaheri, Baba, pumzika. Nakuahidi Mama hatakaa kimya tena katika nyumba hii. Sasa niache, sijui hata wakili wa huyo tajiri nimwite nani.

Binti yako,
Muthoni