Mabalozi Waliokosa Mtani

Jumatano, Oktoba. Joto la leo unaweza kukaangia karanga bila moto. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Urambo, yanatuchungulia, yanaondoka zake. Nimefunga cherehani mapema kwa sababu akili yangu haiko kwenye kitambaa, nikiendelea nitamshonea mtu gauni la mikono mitatu.

Nianze na jana, la sivyo nitajichanganya mwenyewe.

Jana alasiri sikuwa na mteja, nikawasha runinga niangalie ile tamthilia yangu ya anga za mbali, niliyowekewa kwenye flashi. Ndiyo, nina miaka thelathini na sita, nina watoto wawili, na bado napenda vyombo vya angani. Anayecheka acheke. Sehemu ya jana haikuwa na mapigano hata kidogo. Watu wa sayari mbili wamekaa kwenye meza moja ndefu, ndani ya chombo kinachoelea gizani, wanagombea mwezi mmoja wenye barafu. Hawa wanataka maji yake, wale wanasema wazee wao wamezikwa huko. Nje, vyombo vya vita vya pande zote mbili vimeelekezeana mizinga. Ukutani kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri hawajaelewana, ni vita.

Na adabu waliyonayo sasa! Mheshimiwa hivi, Mheshimiwa vile. Msuluhishi wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, anabembeleza huku, anabembeleza kule. Wanamwinamia, wanamjibu, "Tumelisikia ombi lako, tunakushukuru." Hakuna anayesogea hata hatua moja. Nikajikuta napayuka peke yangu, pini zote mdomoni: jamani, humo ndani hamna hata mtani mmoja?

Halafu lile "tunakushukuru" lao likanirudia.

Jibu lile nalijua. Ni la kaka Shabani.

Shabani ni kaka yangu wa pekee, yuko Usinge, analima na kufuga nyuki. Hajasema na mimi tangu Machi, tangu siku tuliyomzika mama. Jumamosi hii tunamsomea mama hitma hapa nyumbani Kanyenye, nami nimetuma watu wa maana kumwita. Baba mdogo amempigia simu. Shehe wa mtaa amempigia. Shemeji yangu alifunga safari mpaka kwake, akala, akalala, akarudi. Wote wamerudi na neno moja: "Nimesikia, nashukuru sana." Basi. Haji. Na hitma ya mama ikisomwa bila mwanawe wa kwanza, mimi najua ndiyo tumeachana. Hatutakuwa na mahali pengine pa kukutania.

Sasa niandike nisichowahi kukiandika.

Siku ile ya Machi mvua ilikuwa kubwa, gari alilopanda Shabani likakwama kwenye tope. Baba mdogo akaniuliza, tumsubiri kaka yako? Nikasema hapana, tusimcheleweshe mama. Shabani analijua hilo, na ndilo alilokasirikia. Asilolijua ni hili.

Jeneza lilipofika mlangoni, Mama Chedego alilishika. Mama Chedego ni jirani yetu anayeuza karanga pale kona, Mgogo aliyeletwa Tabora na mumewe mfanyakazi wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani na kupita kwao. Kwenye msiba mtani ana haki yake, anaweza kuzuia jeneza, akaleta vituko, na hakuna wa kumkasirikia. Akang'ang'ania mguu wa jeneza, anapiga kelele, "Huyu mzigo wangu! Hatoki hapa mpaka yule mpagazi wa Usinge afike!" Watu wakaanza kucheka na machozi yao. Mimi nikamvuta mkono nikamtoa. Nikamwambia leo sitaki utani wako, nenda kwako.

Kumfukuza mtani msibani! Mimi, mtoto wa mama yangu, niliyelelewa nikafunzwa adabu.

Watu waliporudi kutoka makaburini, wakiwa bado wananawa mikono, Shabani akaingia na tope mpaka magotini. Laiti ningemwacha yule mama ashikilie tu kidogo, angewahi. Miezi saba nimekaa na hilo moyoni, na kila nikipita pale kona najifanya nasoma simu.

Jana basi, mle kwenye runinga, mzee mmoja wa upande wa pili akasimama ghafla kwenye kiti chake. Sijui anaondoka, sijui anamfuata mwenzake. Saa ukutani inakimbia. Umeme ukakatika.

Nikakaa pale na runinga nyeusi, najiona mwenyewe kwenye kioo chake. Nimetuma mabalozi watatu wenye heshima zao. Yule mmoja anayeruhusiwa kusema ukweli sijamtuma, kwa sababu ukweli wenyewe ni aibu yangu.

Nikaenda pale kona kabla akili haijanibadilika. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akakunja uso, akaniambia shikamoo ya Mnyamwezi haipokelewi mikono mitupu. Nikaomba radhi palepale, mbele ya wateja wake. Akatoa hukumu: jogoo. Na nisimlete kwa bodaboda, nimbebe kichwani kutoka sokoni, kama babu zangu.

Leo asubuhi nimepita Kanyenye nzima na tenga kichwani, jogoo anawika humo ndani. Madereva wa bajaji wamenipigia honi mpaka basi. Mama Chedego alinipokea kwa vigelegele, akapokea na shikamoo yangu, akampapasa jogoo akasema amekonda kama mwenye mali. Kisha akachukua simu yangu, akampigia Shabani, akaweka sauti ya nje.

Sikupata hata nafasi ya kumwomba aanze taratibu.

"Wewe mpagazi! Babu zako wakifika kwetu Ugogo walikuwa wanatua mizigo, wanakunywa maji, wanapumzika. Wewe miezi saba umebeba kinyongo hujatua! Shingo yako ya punda?"

Nikasikia nyuki, au labda ni mtandao.

"Na nikwambie," akaendelea, "mama yenu nilimshikilia mlangoni. Nilisema hatoki mpaka ufike. Huyu dada yako akanifukuza kama mbwa. Leo ameniletea jogoo kichwani, Tabora nzima imemwona. Haya, na wewe sema lako."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa natazama ile simu juu ya karanga nikijua nimemaliza kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe, sasa hata salamu za Idi sitazipata.

Nikasikia anavuta pumzi. Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuwa analia.

"Kumbe kuna mtu alinisubiri," akasema.

Miezi saba nimedhani anadai heshima ya mkubwa. Kumbe alikuwa anaamini kwamba siku ile, katika nyumba nzima iliyojaa watu, hakuna hata mmoja aliyetaka kumsubiri. Nikachukua simu. Nikamwambia kaka nisamehe, nilikosea. Akaniuliza huyo jogoo alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia mwekundu. Akacheka, kicheko kilekile cha utotoni.

Anaingia Ijumaa, na asali ya hitma. Mama Chedego ameshatangaza kwamba asali ni yake.

Umeme umerudi tangu mchana. Ile sehemu imebakiza dakika kumi na moja. Yule mzee bado amesimama na sijui anakwenda wapi. Zamani, kwenye kibanda cha video, Shabani ndiye aliyekuwa ananibeba mabegani nione, ananisimulia kila wanachosema, nusu yake akitunga mwenyewe. Tangu saa kumi nimeshika rimoti, kidole kinaniwasha.

Nimeiweka juu ya kabati.

Safari hii nitamsubiri.