Oili Nzito

Kaka,

Natumaini uko salama huko uliko. Sisi tupo. Paa la jikoni limezibwa, na shangazi ameanza kutembea bila mkongojo.

Uliuliza kama gari la marehemu baba tuliuze. Haliuziki. Jana niliifungua injini pale gereji nikakuta beringi moja ya konrodi, kule chini chini ya injini, imelika, imebaki nyembamba kama karatasi.

Mlio wake niliusikia mwezi mzima kabla ya msiba wa Mama. Niliweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, kama baba alivyotufundisha. Ilikuwa inagonga chini, si juu kwenye vali, kwa hiyo nilijua ni beringi. Lakini Mama kila akipanda alikuwa ananishika mkono: "Mwanangu, hili gari linanitisha." Nikamwaga oili nyepesi, nikatia nzito. Kelele zikaisha, ingawa beringi iliendelea kulika. Akawatambia majirani kwamba mwanawe ni fundi kwelikweli.

Nilikuambia Mama alifia hospitali. Hatukufika hospitali. Alikuwa amelala kiti cha nyuma, pumzi zinambana, na katikati ya safari injini ikaanza kugonga tena. Nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikaweka bisibisi sikioni.

Aliniita mara mbili. Nikamjibu, "Subiri kidogo, Mama, nasikiliza."

Shangazi anakusalimu. Nguo za Mama bado ziko kwenye kamba, hakuna aliyezianua.

Ni mimi mdogo wako.