Zinki Katikati ya Shaba

Neema mjukuu wangu, marahaba. Huku Buzuruga Bwana anatutunza. Mama yako amepona kifua, na mjomba wako hatimaye ameoa.

Ulichoandika nimekisoma mara mbili. Unasema kwenye ile oksidi yenu ya shaba na madini adimu, inayopitisha umeme bila kizuizi ikipoozwa sana, ulitoa shaba kidogo ukaweka zinki. Zinki haina usumaku, lakini chembe za shaba zinazoizunguka zimeamka na usumaku ambao haukuwepo. Wenzako wa maabara wanasema umekichafua kipande cha majaribio, ukitupe. Halafu unaniuliza mimi wa darasa la saba!

Nilipokuwa msichana, Rosa wa kwaya yetu alifariki. Mahali pake, kati yangu na Yunisi, akasimamishwa mdogo wake aliye bubu, nafasi isibaki wazi. Jumapili iliyofuata tukaanza kuimba, na sauti ya Rosa ikasikika.

"Nani huyo?" mwalimu akauliza.

"Si mimi," nikasema.

"Wala mimi," akasema Yunisi. "Kwa jina la Yesu, si mimi!"

Mwalimu akasogeza sikio. Yule binti alikuwa amefunga mdomo. Sauti ilitoka kwetu wawili tuliosimama kando yake, na hatukujijua.

Wengine wakataka atolewe. Mwalimu akakataa. "Imbeni tena, nisikie vizuri."

Usikitupe kipande, mama. Pima tena, uwasikilize majirani wa zinki. Hofu mwachie Mungu. Mimi mpaka leo nikiimba na Yunisi kanisani, tunasikika watatu.

Bibi yako anayekuombea.