Godoro la Bwana Mkubwa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia mtu aliyekuwa akikwangua sufuria hawezi kusahau kula ghafla.

Umeuliza habari za mbwa wako. Bwana Mkubwa yupo, ila uzee umembishia hodi. Asubuhi miguu ya mbele huamka, ya nyuma hubaki ikifikiria. Daktari wa mifugo alimbonyeza nyonga, akatuonyesha viwiko vilivyoota sugu, akasema mwili mzito vile hautakiwi kulala sakafuni. Anahitaji godoro nene, gumu kidogo, lisilo na ukingo wa kuruka.

Si bure mliniita Kwanini. Nilimwendea fundi magodoro nikamsumbua mpaka akaweka mkasi chini. Kwa nini lililo laini halifai? Akanieleza kwamba ukipiga goti juu ya sponji ukaisikia sakafu, basi mbwa naye ataisikia. Nikapiga magoti dukani mle hadi wateja wakadhani nimeangusha hereni. Nikachagua moja, nikarudi nyumbani kifua mbele. Kumbe nilikuwa nimempima Bwana Mkubwa akiwa amejikunja! Alipojinyoosha, kichwa na miguu vyote vilibaki nje. Nilipolirudisha, fundi alicheka hadi akafuta machozi.

La pili lilimtosha. Alilinusa, akalizunguka, kisha akachechemea hadi mlangoni pa chumba chako na kujilaza pale pale sakafuni. Ikawa hivyo siku nne. Siku ya tano nilimfungulia nione anataka nini. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwako, akaegemeza kidevu kwenye godoro, akajaribu kupanda, akashindwa. Roho iliniuma.

Sasa nikiri, Kaka. Godoro lako, lile ambalo Mama amelitandika kila Jumamosi kwa miaka sita na hataki mtu alikalie, nimelikata. Nilingoja aende sokoni. Alirudi mapema akanikuta nimeshika kisu, nikajua nimepatikana. Hakunigombeza. Aliweka kikapu chini, akashika upande wa pili ili nikate pasipinde. Akasema kwamba kati yetu sote tunaokungoja, angalau mmoja alale vizuri.

Sasa Bwana Mkubwa analala juu yake, sakafuni chumbani kwako, amejinyoosha mwili mzima. Daktari alikuja jana kumtazama. Wakati wa kuondoka aliniangalia kama anayengoja niulize imebaki miezi mingapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuuliza.

Njoo, Kaka. Kitanda chako kimebaki mbao tupu, lakini nitakupisha changu. Mama anakuombea, nami nakukumbuka sana.

Mdogo wako akupendaye,
Kwanini